Ukungu na Fungu la Mchanga: Safari za Nyambizi U-20

Nyambizi ya Kijerumani U-20, iliyoanza utumishi katika jeshi la majini la Kaiser mwezi Agosti 1913 na kuishia kwenye ufuo wa Denmark mwezi Novemba 1916, inajulikana kwa wasomaji wengi kwa topido moja tu, ile iliyoizamisha meli ya abiria Lusitania karibu na Ireland tarehe 7 Mei 1915. Umaarufu huo mbaya haukuja bure, kwani watu wapatao 1,200 walipoteza maisha kwa muda usiofika nusu saa. Hata hivyo umewafanya waandishi wengi waitazame nyambizi hiyo kupitia siku hiyo moja, kana kwamba ilizaliwa asubuhi ikafa jioni, na hivyo kuyapita mambo yanayoeleza ilikuwa chombo cha namna gani, ilifikaje mahali pale, na ilikuwaje mwisho wake ukaletwa na mchanga badala ya mzinga wa adui. Anayezifuata safari zake tangu mwanzo hukutana na jambo linalojirudia: U-20 ilikuwa na uwezo mkubwa wa kuua na uwezo mdogo sana wa kuona, na mara mbili ukungu ndio ulioielekeza njia yake, mara ya kwanza kuwaangamiza wengine na mara ya pili kuiangamiza yenyewe.

Ujerumani ilichelewa kuingia katika uundaji wa nyambizi, yaani vyombo vya chuma vinavyojaza maji katika matangi yake ili vizame na kuyasukuma nje maji hayo kwa hewa iliyoshindiliwa ili viibuke tena. Nyambizi yake ya kwanza ya kijeshi, U-1, ilikamilika mjini Kiel mwaka 1906, na zile zilizofuata mara baada yake ziliendeshwa kwa injini za mafuta ya taa, ambazo moshi wake mzito mweupe ulionekana kutoka mbali mchana na cheche zake zikang'aa usiku, kasoro kubwa kwa chombo ambacho kazi yake yote ilikuwa kujificha. Kasoro hiyo iliondolewa na kundi la nyambizi nne, U-19 hadi U-22, zilizoundwa katika karakana ya serikali mjini Danzig, ambao leo ni Gdańsk nchini Poland, kwa kuwa hizo zilikuwa za kwanza katika jeshi la Kijerumani kufungwa injini za dizeli. U-20 ilishushwa majini tarehe 18 Desemba 1912. Urefu wake ulikuwa mita 64, uzito wake tani 650 ikiwa juu ya maji na tani 837 ikiwa imezama, na ilibeba mabaharia wapatao 35 pamoja na mirija minne ya kufyatulia topido, miwili omoni na miwili tezini. Topido ni kombora la majini linalojiendesha lenyewe chini ya uso wa bahari likiwa na baruti kichwani, na nyambizi ya aina hii haikuweza kubeba zaidi ya chache, hivyo kila moja ilihesabiwa kwa uchungu.

Neno nyambizi humpa msomaji wa leo picha ya chombo kinachoishi chini ya maji, na picha hiyo haifai kwa miaka ile. Injini ya dizeli huvuta hewa, kwa hiyo chombo kikizama ilibidi izimwe na kazi ikabidhiwe mota za umeme zilizopata nguvu kutoka kwenye betri, nazo betri zilikwisha baada ya saa chache, na mapema zaidi ikiwa nahodha alitaka mwendo wa kasi. Juu ya maji U-20 ilikwenda maili za baharini 15 kwa saa. Chini ya maji ilifika 9 tu, na hapo ikawa ya polepole kuliko meli nyingi ilizoziwinda. Kusema kweli kilikuwa chombo cha juu ya maji kilichojua kujificha kwa muda. Ndani yake maji yalitiririka kwenye kuta za chuma kwa sababu ya jasho na pumzi za watu, nguo hazikukauka kwa wiki nzima, na chini ya sakafu betri zilijaa tindikali ambayo ikichanganyika na maji ya bahari hutoa gesi ya klorini, gesi ileile ambayo mwaka 1915 ilianza kutumiwa kuwaua askari katika mahandaki ya Ubelgiji.

Macho yake yalikuwa mawili, na yote mawili dhaifu. La kwanza ni periskopu, mrija mrefu wenye vioo na lenzi ulioinuliwa juu ya maji kwa dakika moja au mbili kisha ukashushwa haraka usije ukaonekana, nao ulimwonyesha nahodha duara dogo la bahari lililofunikwa mara kwa mara na mawimbi. La pili ni dira. Dira ya kawaida ya sumaku huvurugwa na chuma kinachoizunguka pande zote, na kwa ajili hiyo Wajerumani walikuwa wametengeneza mjini Kiel dira ya jairoskopu, ambayo ndani yake gurudumu zito huzunguka kwa kasi kubwa na kwa mzunguko huo likashika uelekeo wa kaskazini ya kweli bila kujali chuma. Kilikuwa chombo cha ajabu kwa wakati wake, lakini ubora wake ulitegemea gurudumu lisitetereke, na mabaharia waliokaa siku nyingi bila kuona nchi kavu waliikabidhi dira hiyo roho zao.

Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilipoanza Agosti 1914 Ujerumani ilikuwa na nyambizi zisizofika 30, na maofisa wengi wakuu waliziona kama walinzi wa bandari. Tarehe 22 Septemba nyambizi moja ya zamani, U-9, ilizizamisha manowari tatu za Kiingereza kwa muda wa saa moja na nusu na kuua zaidi ya watu 1,400, na fikra hizo zikabadilika mara moja. U-20 yenyewe, ikiwa chini ya Otto Droescher, ilionyesha mwezi Oktoba jambo lililokuwa na uzito wa aina nyingine, kwani ilikwenda hadi Mlango-bahari wa Uingereza na kurudi nyumbani kwa kuvizunguka visiwa vyote vya Uingereza upande wa magharibi. Haikuzamisha kitu cha maana katika safari hiyo, lakini sasa ilijulikana kuwa hakuna bandari ya Uingereza iliyokuwa mbali mno.

Mwezi Desemba 1914 nyambizi hiyo ilikabidhiwa kwa Walther Schwieger, mzaliwa wa Berlin mwenye umri wa miaka 29. Mabaharia wake walimpenda, na hilo ni vigumu kulipatanisha na yale aliyoyatenda, ila halina budi kusemwa. Tarehe 30 Januari 1915, nje ya bandari ya Le Havre nchini Ufaransa, alizipiga kwa topido meli za mizigo bila kuzionya, miongoni mwao Tokomaru, iliyokuwa ikileta nyama iliyogandishwa kutoka New Zealand. Na siku mbili baadaye akaifyatulia topido Asturias, meli ya hospitali, ambayo iliponea chupuchupu. Tarehe hizo zina maana, kwa sababu serikali ya Ujerumani ilikuwa bado haijatangaza vita vya namna hiyo. Tangazo lilitolewa tarehe 4 Februari, likisema kwamba kuanzia tarehe 18 bahari zote zinazozizunguka Uingereza na Ireland zitahesabiwa kuwa uwanja wa vita, na hiyo ikaelezwa kuwa jibu kwa Waingereza waliokuwa wameifungia Ujerumani njia za baharini na kuinyima chakula.

Kilichovunjwa hapo kilikuwa desturi ya zamani iliyojulikana kama sheria ya utekaji wa baharini. Kwa mujibu wa desturi hiyo, manowari iliyokutana na meli ya biashara ya adui ilipaswa kuisimamisha, kuikagua, na kuhakikisha usalama wa watu waliomo kabla ya kuiteka au kuizamisha. Manowari kubwa yenye mizinga na nafasi ya kupakia mateka iliweza kufanya hivyo. Nyambizi iliyoibuka juu ya maji ili kutoa onyo ilikuwa bati jembamba ambalo risasi moja ya mzinga iliweza kulitoboa lisizame tena salama, haikuwa na nafasi ya kumpakia hata abiria mmoja, na Waingereza walianza kuficha mizinga ndani ya meli zilizojifanya za biashara. Hoja hii ilitumiwa sana na Wajerumani kujitetea, na kwa upande wa ufundi ni ya kweli. Lakini udhaifu wa silaha haujawahi kumpa mwenye silaha haki ya kumuua asiyepigana, na hata maofisa wa Kijerumani waliotii desturi ile kwa kadiri walivyoweza walithibitisha kwamba nafasi ya kuchagua ilikuwapo.

Tarehe 30 Aprili 1915 U-20 ilitoka Ujerumani kwa amri ya kwenda kuvizia meli katika njia za kuingilia Liverpool, ikipita kaskazini ya Uskoti na magharibi ya Ireland. Tarehe 5 Mei iliikuta merikebu ndogo ya matanga, Earl of Lathom, ikawaruhusu mabaharia wake kushuka katika mashua kabla ya kuizamisha. Siku iliyofuata ilizizamisha meli mbili za mizigo, Candidate na Centurion, na hakuna aliyekufa katika zote tatu. Kisha ukungu ukatanda. Schwieger aliandika katika daftari lake la safari, ambalo nakala yake iliyopigwa taipu ndiyo iliyobaki, kwamba asingeendelea hadi Liverpool, kwa sababu ukungu ungemlazimisha kukaa chini ya maji asione walinzi wanaokuja, mafuta yalikuwa yamepungua, na topido zilizosalia zilikuwa tatu, ambazo mbili alitaka kuzihifadhi kwa safari ya kurudi. Akageuka kabla ya kufika alikotumwa. Laiti anga ingekuwa safi angekuwa mbali sana mchana wa tarehe 7, akivizia kwenye mlango wa bandari ambayo Lusitania haikufika kamwe.

Lusitania, mali ya kampuni ya Cunard, ilikuwa imeondoka New York tarehe 1 Mei, siku ileile ambayo magazeti ya huko yalichapisha onyo la ubalozi wa Ujerumani kwa wasafiri. Ilikuwa na watu 1,959, pamoja na shehena iliyojumuisha makasha kama 4,200 ya risasi za bunduki, jambo ambalo Wajerumani walilishikilia baadaye na ambalo halikubadilisha hata kidogo hali ya watoto waliokuwa sitahani. Asubuhi ya tarehe 7 ukungu uleule uliomrudisha Schwieger ulimlazimisha nahodha William Turner kupunguza mwendo na kupiga honi. Ulipoondoka alitaka kujua kwa hakika yuko wapi, kwa maana nahodha aliyetoka katika ukungu karibu na pwani hana kazi kubwa kuliko hiyo, hivyo aliikaribia rasi ya Old Head of Kinsale na kuanza kuipima kwa njia inayomtaka baharia ashike uelekeo mmoja na kasi moja kwa muda wa nusu saa na zaidi. Hakuna zawadi kubwa kuliko hiyo ambayo meli inaweza kuipa nyambizi. Kwa hiyo katika maji yale vilikutana vyombo viwili ambavyo vyote vilikuwa vikijaribu kurekebisha kile ambacho ukungu ulikuwa umekivuruga.

Schwieger aliziona dohani nne kwenye upeo wa macho baada ya saa saba mchana, akazama, akaendesha kwa kasi yote ya mota zake. Asingeifikia kama meli isingegeuka kumwelekea. Saa nane na dakika kumi, kutoka umbali wa mita 700, alifyatua topido moja iliyowekwa kwenda mita tatu chini ya uso wa maji, akikadiria kuwa meli inakwenda maili 22 kwa saa, ilhali ilikuwa ikienda 18. Kosa hilo lilitosha kuipeleka topido mbele kidogo zaidi, ikapiga upande wa kulia nyuma ya daraja la nahodha. Mlipuko wa pili ulifuata mara moja, na chanzo chake kimebishaniwa tangu siku hiyo, wengine wakitaja vumbi la makaa ya mawe, wengine mitambo ya mvuke, wengine shehena. Meli iliinama upande wa kulia kwa haraka mno, mashua za upande wa kushoto zikaangukia sitahani na kuwaponda watu, na kati ya mashua 48 zilizokuwapo ni sita tu zilizoshushwa majini salama. Baada ya dakika 18 ilikuwa imezama. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo Wamarekani 128, na kupitia vifo hivyo nyambizi ya tani 650 ikaingia katika mazungumzo ya mataifa makubwa.

Rais Woodrow Wilson wa Marekani alipeleka barua za malalamiko Berlin, na mwezi Juni 1915 serikali ya Kaiser iliwaagiza kwa siri makamanda wa nyambizi wasizishambulie meli kubwa za abiria. Mjini Munich mchonga nishani Karl Goetz alitengeneza nishani ya kuibeza kampuni ya Cunard na akaandika juu yake tarehe 5 Mei badala ya 7, na Waingereza wakainakili kwa maelfu ya maelfu kuwa ushahidi kwamba shambulio lilipangwa. Schwieger mwenyewe hakuonekana kujifunza. Baada ya U-24 kuizamisha meli ya abiria Arabic mwezi Agosti, Ujerumani iliahidi hadharani tarehe 1 Septemba kwamba meli za abiria hazitazamishwa bila onyo. Tarehe 4 U-20 ikaipiga Hesperian, iliyokuwa ikielekea Kanada, wakafa watu 32. Ndani ya meli hiyo lilikuwamo jeneza la abiria aliyekufa katika Lusitania, ambaye jamaa zake walikuwa wakimrudisha nyumbani kuzikwa. Schwieger aliitwa Berlin kujieleza. Mwezi Mei 1916, siku nne tu baada ya Ujerumani kutoa ahadi nyingine kwa Marekani, aliizamisha Cymric, wakafa mabaharia watano. Kwa jumla U-20 ilizamisha meli zaidi ya 30 zenye ujazo unaopita tani 140,000.

Mwisho wake ulianza kwa tendo la wema. Katika siku za mwisho za Oktoba na za mwanzo za Novemba 1916, U-20 ikirudi kutoka safarini ilipata habari kwamba U-30 imeharibikiwa injini katika maji ya Norway, nayo ikaenda kuifuata na kuisindikiza kusini. Usiku wa tarehe 4 Novemba ukungu ulifunika Bahari ya Kaskazini, dira ikawa imepotoka, na nyambizi zote mbili, zikiamini kwamba ziko mbali na nchi kavu, zikapanda mchanga katika ufuo wa magharibi wa Jutland nchini Denmark, karibu na kijiji cha Vrist. Pwani hiyo imenyooka, haina miamba wala visiwa, na mafungu ya mchanga yamejilaza sambamba na ufuo chini ya maji, kiasi kwamba baharia asiyeona huyajua anapoisikia meli yake ikikwaruza chini. Mabaharia wa U-30 walitupa baharini kila kizito kilichoweza kutupwa, na baada ya saa kama mbili ikaelea. U-20 ilikuwa imeingia ndani zaidi, na kila wimbi liliizidisha kuelekea ufuoni.

Denmark haikuwa upande wowote katika vita, na chombo cha vita kilichobaki katika maji yake kingezuiliwa pamoja na watu wake. Kwa hiyo Amiri Reinhard Scheer, mkuu wa meli kubwa za kivita za Ujerumani, alichukua uamuzi wa kushangaza: alituma kundi la meli ndogo za topido kwenda kuivuta U-20, na ili kuzilinda akatoa manowari kubwa Moltke pamoja na kikosi cha tatu cha manowari kubwa kabisa alizokuwa nazo. Asubuhi ya tarehe 5 meli ndogo zilifunga kamba na minyororo, zikavuta maji yalipokuwa yamejaa, vikakatika. Zikafunga tena, vikakatika tena. Maji yalipoanza kupwa hapakubaki la kufanya. Mabaharia waliondoka wote salama, na nyambizi ikalipuliwa kwa topido zake yenyewe omoni.

Mchana huohuo, manowari zilizokuja kuilinda zikirejea, nyambizi ya Kiingereza J1 chini ya Noel Laurence ilifyatua topido nne kwa pamoja katika bahari iliyochafuka, na mbili zikapiga, moja Grosser Kurfürst na nyingine Kronprinz. Zote mbili zilifika nyumbani, lakini zilihitaji kukarabatiwa. Laurence alikuwa mtu yuleyule aliyeipiga Moltke katika Bahari ya Baltiki mwaka uliotangulia. Kaiser alikasirika kwamba kikosi kizima kilihatarishwa kwa ajili ya nyambizi moja, na Scheer akamjibu kwamba watu wanaotumwa peke yao katika hatari kubwa namna ile hawana budi kujua kuwa wakipatwa na shida jeshi zima litawaendea. Jibu hilo lilionyesha mabadiliko makubwa kuliko Scheer alivyotamka, maana mwaka 1914 nyambizi zilihesabiwa kuwa watumishi wa manowari, na sasa manowari zilikuwa zimetoka bandarini kuitumikia nyambizi. Miezi mitatu baadaye, tarehe 1 Februari 1917, Ujerumani iliondoa mipaka yote katika vita vya nyambizi, na mwezi Aprili Marekani ikaingia vitani.

Schwieger alipewa nyambizi mpya, U-88, na mwezi Julai 1917 akatunukiwa nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Prussia. Mapema Septemba mwaka huo U-88 iliingia katika maji yaliyotegwa mabomu na Waingereza karibu na kisiwa cha Terschelling cha Uholanzi, ikapotea pamoja na watu wake wote.

Mabaki ya U-20 yalikaa ufuoni karibu miaka tisa, yakionekana kutoka nchi kavu, hadi jeshi la majini la Denmark lilipoyalipua mwaka 1925. Mnara wake, yaani kile kijumba cha chuma kilichosimama juu ya sitaha na ambamo nahodha alitazamia kupitia periskopu, uliokolewa, na sasa umesimama kwenye majani nje ya jumba la makumbusho ya meli zilizoharibikia pwani hiyo, katika mji mdogo wa wavuvi wa Thorsminde, ukiwa umeliwa na kutu na kutobolewa na chumvi, nao ni mdogo mno hivi kwamba watu watatu wazima wakisimama ndani yake wangegusana mabega.